Zege Lisilofika Salama: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Ujenzi wa Vijijini Mkoani Tanga

Ramani ya darasa linalojengwa kijijini juu ya Bumbuli haitofautiani sana na ya darasa linalojengwa Chumbageni, mjini Tanga. Nondo ni zile zile, saruji hutoka Pongwe ile ile, na pengine hata fundi ni yule yule aliyehamishwa na kazi. Kinachotofautiana ni safari. Katika ujenzi wa madarasa, zahanati na matangi ya maji niliousimamia Lushoto, Muheza na Pangani, kasoro nyingi ambazo tulizoea kumtwisha fundi wa kumwaga zilikuwa zimeanza kilomita kadhaa nyuma yake, na wahusika wake wakuu walikuwa wawili wanaosafiri pamoja, yaani muda na maji. Muda ukipita zege linakaza, na zege likikaza daima hupatikana mtu mwenye ndoo.

Mwongozo huu unaanza na kile ambacho msimamizi anakiona kwa macho, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo chake.

Gari limekwama kabla ya eneo la kazi

Dalili hii haihitaji uchunguzi, lakini gharama yake ni kubwa kuliko zote, kwa sababu zege lililomo ndani ya gari haliwezi kusubiri mvua ikatike. Lori la kuchanganyia zege lenye shehena ya mita 6 za ujazo hubeba takribani tani 14 za zege, na pamoja na uzito wake lenyewe hufikia tani 25 au zaidi. Barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto inauhimili mzigo wa namna hiyo. Njia ya udongo mwekundu inayochepuka kutoka hapo kwenda kijijini, ambayo mvua ya nusu saa inaigeuza kuwa sabuni, haiuhimili.

Kwa hiyo njia itembelewe kwa miguu siku kadhaa kabla ya kazi, na itembelewe na mtu mwenye futi ya kupimia. Apime upana wa daraja au kalvati jembamba kuliko yote, aangalie ukingo wa barabara upande wa bondeni, atafute mahali ambapo gari litageuzia, na awaulize wenyeji gari kubwa la mwisho lilipita lini. Dereva wa fuso la mbogamboga atakupa jibu sahihi kuliko ofisi yoyote, kwa kuwa yeye hupita hapo na mzigo wa kabichi hata katikati ya masika.

Majibu yakishapatikana, uamuzi ni mmoja kati ya miwili: kuleta zege lililokwisha kuchanganywa, au kupeleka saruji, mchanga na kokoto vikiwa vikavu na kuchanganyia huko huko juu. Kutoka Tanga mjini hadi Muheza ni kama kilomita 40 za lami, na zege la gari linaweza kufika likiwa na afya iwapo eneo lenyewe halipo mbali na barabara kuu. Kutoka Tanga hadi Mombo peke yake ni zaidi ya kilomita 100, kabla hata mlima haujaanza, na mtu anayeahidi kufikisha zege bichi kutoka mjini hadi kijiji cha Usambara bila dawa maalumu ya kulichelewesha anaahidi jambo ambalo saruji haikukubaliana naye. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kazi za milimani zichanganyiwe mahali pa kazi, hata kama mwenye fedha anavutiwa na picha ya gari kubwa linalozungusha pipa lake mbele ya shule.

Zege linafika likiwa gumu

Watu husema zege limekauka, na neno hilo ndilo linalowapotosha. Zege haligandi kwa kukauka. Linaganda kwa sababu saruji na maji vimeanza kuungana na kufanya jiwe jipya, na kazi hiyo huendelea hata ndani ya maji. Anayeamini kwamba zege limekauka ataona ni haki kulirudishia maji yaliyopotea. Anayefahamu kwamba limeanza kuganda atajua kuwa maji yale hayatalifungua tena, bali yatalidhoofisha.

Ni lazima basi kutofautisha hali mbili zinazofanana kwa sura. Hali ya kwanza ni zege lililopungua ulaini kwa sababu ya jua, mwendo na kokoto kavu zilizonywa maji, lakini saruji yake haijaanza kuganda. Zege hili ukilichota na kulikoroga kwa sepeto linarudi kuwa moja, linang'aa kidogo juu, na ukilibana kiganjani linashikana na kuacha unyevu mkononi. Hali ya pili ni zege lililokwisha kuanza kuganda: linakatika vipande, lina joto ukiligusa, na hata ukilikoroga linabaki mabonge yenye nyuso kavu. Hali ya kwanza inatibika. Hali ya pili haitibiki, na zege hilo litafutiwe kazi ya chini, kama kujazia njia iliyobomoka, lisiingizwe kwenye nguzo wala boriti.

Kuhusu muda, desturi ya miaka mingi katika kazi za zege la gari ni kulimwaga ndani ya dakika 90 tangu maji yalipokutana na saruji, na viwango vingine huruhusu saa 2. Saruji yenyewe, kwa viwango vinavyotumika sana, haipaswi kuanza kuganda kabla ya dakika 75 ikiwa ni ya daraja la nguvu la 32.5, au dakika 60 ikiwa ni ya 42.5, lakini vipimo hivyo hufanyika maabara kwenye ubaridi wa nyuzi 20. Joto la mchana wa Januari kule Pangani linapunguza muda huo kwa kiasi cha kuonekana, na pipa la chuma lililosimama juani linaongeza makali.

Tiba ya hali ya kwanza inategemea kiasi cha maji kilichowekwa mwanzoni. Ikiwa mpango wa zege uliruhusu lita fulani na zikawekwa pungufu, zilizobaki zinaweza kuongezwa mara moja tu, kisha pipa lizungushwe kwa kasi ya kuchanganyia angalau mizunguko 30 kabla ya kumwaga. Ikiwa lita zote zilikwisha wekwa, tiba ni dawa ya kulainisha zege iliyopimwa na mtaalamu wa mtambo, au kulirudisha. Hesabu yenyewe inaonyesha sababu. Zege lenye kilo 320 za saruji na lita 176 za maji kwa mita moja ya ujazo lina uwiano wa maji kwa saruji wa 0.55. Ongeza lita 20 tu, ambazo ni ndoo moja ya kawaida, uwiano unapanda hadi 0.61, na nguvu inashuka kwa moja ya kumi au zaidi. Duff Abrams alikwisha kulieleza jambo hili kutoka Chicago mwaka 1918: kwa vifaa vile vile, nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji na saruji. Ndoo moja kwa kila mita ya ujazo haionekani kuwa kosa machoni pa mtu yeyote, na ndiyo maana hutendeka kila siku.

Ugomvi kuhusu ulaini hupungua sana pale msimamizi anapokuwa na koni ya kupimia zege, yenye urefu wa milimita 300, upana wa 200 chini na 100 juu. Inajazwa kwa tabaka 3, kila tabaka likichomwa kwa fimbo mara 25, kisha koni inanyanyuliwa taratibu na kupimwa zege limeshuka milimita ngapi. Dereva na fundi wanaweza kubishana na macho yangu. Na rula hawajapata kubishana nayo.

Mchanganyo umetengana: kokoto chini, uji juu

Dalili hii huonekana sana pale zege linapomalizia safari kwa pikapu, trekta au toroli kwenye njia ya mashimo. Mtikisiko huzamisha kokoto na kupandisha uji wa saruji, na mmwagaji asipokuwa mwangalifu hupeleka uji upande mmoja wa msingi na kokoto upande mwingine. Chanzo kikuu si njia pekee, bali ni zege lililokuwa jepesi kupita kiasi tangu lilipochanganywa. Zege zito la kadiri huvumilia mashimo mengi. Likifika limetengana huku bado ni bichi, limwagwe juu ya bati au sakafu safi, likorogwe upya kwa sepeto bila kuongeza tone la maji, kisha ndipo libebwe.

Jambo jingine ni kulidondosha kutoka juu. Katika maeneo ya miteremko mafundi hupenda kutengeneza mfereji wa mabati ili zege liteleze lenyewe hadi kwenye msingi, na mfereji huo ni msaada mkubwa, lakini mwisho wake uwe na kizuizi kinachoelekeza zege kushuka wima, na lisianguke zaidi ya mita 1.5. Kokoto zinazorushwa na mfereji ulioachwa wazi hukimbilia ukingo wa mbali wa mbao zinazoshikilia zege hadi ligande, kama mpira uliopigwa.

Mstari unaoonekana katikati ya boriti

Ukifungua mbao ukakuta mstari ulionyooka au wenye mawimbi unaotenganisha rangi mbili za zege, umekuta mahali ambapo zege la mchana lilikutana na la asubuhi likiwa limekwisha kuganda. Maji yatapita hapo, nondo zitaota kutu hapo, na mzigo ukizidi ufa utaanzia hapo. Chanzo chake karibu kila mara ni hesabu ya ubebaji ambayo haikufanywa.

Na hesabu yenyewe si ngumu. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takribani kilo 2,400. Karai la kawaida linalobebwa kichwani, likiwa na lita 8 hivi, lina kilo 19 au 20. Kwa hiyo mita moja ni safari 120 za karai. Kama lori limeishia chini na njia ya kupanda inachukua dakika 10 kwenda na kurudi, mtu mmoja mwenye nguvu atafanya safari 6 kwa saa, na watu 20 watafikisha mita moja ya ujazo kwa saa, mradi asiwepo anayechoka, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani. Mkanda wa darasa, yaani boriti inayozunguka juu ya kuta, wenye mita 3 za ujazo unahitaji saa 3 kwa hesabu ya karatasini, na saa 4 au 5 kwa hali halisi.

Nimewahi kushuhudia kazi ya msaragambo, yaani ya kujitolea kwa pamoja, ambapo watu 60 walifika alfajiri kwa moyo mkunjufu, wakabeba kwa kasi hadi saa 4 asubuhi, kisha nusu yao wakaondoka kwenda mazishini, kama ilivyo haki na wajibu. Mkanda ukabaki umefika katikati ya ukuta wa pili. Hakuna aliyekosea siku ile isipokuwa mimi, niliyekuwa sijapanga mahali pa kusimamishia zege.

Mahali hapo pa kusimamishia pawe pamepangwa kabla ya karai la kwanza. Katika boriti au mkanda unaovuka nafasi wazi, kituo kiwe ndani ya theluthi ya kati ya nafasi hiyo, wala si juu ya nguzo au kando ya dirisha. Kifungwe kwa ubao wima ulioachiwa njia ya nondo, si kuachwa zege lijilaze lenyewe kama mteremko. Siku ya kuendelea, uso huo ukwaruzwe hadi kokoto zionekane, uoshwe, ulowane bila kutuamisha maji, kisha zege jipya lishindiliwe vizuri dhidi yake. Na pale ambapo umechelewa lakini huna uhakika kama zege la chini limeganda, chomeka vaibreta, mashine ya kushindilia zege kwa mtikisiko: ikizama kwa uzito wake na shimo likajifunga inapotolewa, endelea, ikikataa kuzama au ikaacha tundu, hapo ni kituo, upende usipende.

Kwa ubebaji wa namna hii, ni bora zaidi kuhamisha mashine ya kuchanganyia kuliko kuhamisha zege. Mashine ndogo ya mfuko mmoja hufungwa nyuma ya trekta, au huvutwa na vijana 10 kwa kamba. Mchanga na kokoto vinaweza kubebwa wiki nzima kwa punda, bodaboda na vichwa, bila mtu kutazama saa.

Kipimo kimefuatwa, lakini zege halina nguvu

Hapa ndipo uchunguzi unapohitaji subira, kwa kuwa kila mtu ataapa kuwa aliweka moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, na pengine anasema kweli. Kwa mchanganyo huo mita moja ya ujazo hula karibu mifuko 6.5 ya saruji, mita 0.45 za mchanga na mita 0.9 za kokoto. Swali ni moja, mbili na nne za nini. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takribani lita 35, ilhali toroli hutofautiana, na lililojazwa kichuguu lina mengi kuliko lililosawazishwa. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako lenye urefu wa sentimita 40, upana wa 35 na kimo cha 25 kwa ndani. Ujazo wake ni lita 35 kamili, sawa na mfuko mmoja. Masanduku 2 ya mchanga na 4 ya kokoto, yaliyosawazishwa kwa ubao, hayana ubishi.

Mshukiwa wa pili ni mchanga wenye unyevu, na huyu huwadanganya hata mafundi wazee. Mchanga ukiwa na unyevu mdogo, wa asilimia 5 au 6 hivi, punje zake hutengana na ujazo wake huvimba kwa robo au karibu na hapo. Sanduku 2 za mchanga uliovimba, yaani lita 70, zinakuwa na lita 56 tu za mchanga halisi. Zege linakosa mchanga wa kuziba nafasi za kokoto, linakuwa kavu na lenye ukaidi, na fundi analipoza kwa maji. Wakati huo huo mchanga ule unabeba maji yake wenyewe: kilo 100 za mchanga kwa kila mfuko, zikiwa na unyevu wa asilimia 5, ni lita 5 ambazo hakuna aliyezihesabu. Ikiwa mpango ni lita 27 kwa mfuko, siku ya mchanga wa namna hii mimina 22 tu, na ongeza mchanga kwa robo. Wakati wa masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, funika chungu la mchanga kwa turubai na upime upya kila asubuhi.

Mchanga mchafu ni rahisi kuukamata. Jaza chupa yenye pande zilizonyooka nusu ya mchanga, ongeza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, na uache saa chache. Tope likitulia juu ya mchanga kwa zaidi ya sehemu 6 au 8 katika 100 za kimo cha mchanga, uoshwe au urudishwe. Kwa walio pwani, kuanzia Pangani hadi Moa, mchanga wa ufukweni na maji ya bahari visiguse zege lenye nondo, kwa maana chumvi italila chuma kimyakimya na ukuta utapasuka baada ya wewe kulipwa. Hata lori liulizwe lilibeba nini jana. Ukanda huu una mashamba ya chumvi, na bodi isiyooshwa hubeba mzigo wa jana ndani ya mzigo wa leo. Sukari nayo ina hila yake, kwani kiasi kidogo sana huchelewesha zege kuganda kwa saa nyingi. Dumu lililokuwa na sharubati lisitumike kupimia maji.

Saruji huja mwisho katika orodha ya washukiwa, ingawa watu huanza nayo. Mfuko uliolala usiku mmoja juu ya udongo wakati wa ukungu wa Lushoto umekwisha kunywa maji. Mabonge yanayovunjika kwa vidole yanavumilika katika kazi ndogo. Yasiyovunjika ni mawe. Mifuko ipangwe juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta, ya zamani itumike kwanza, na inayokaribia miezi 3 isipewe kazi ya nguzo.

Mbao zimefunguliwa na kokoto ziko wazi

Matundu kama ya sega la nyuki yana vyanzo vitatu vya kawaida: zege lisiloshindiliwa, mbao zilizovuja uji, au nondo zilizobanana kuliko ukubwa wa kokoto. Kwa nguzo za madarasa, kokoto za inchi robo tatu, yaani milimita 20, zinatosha, na zilizo kubwa zaidi zibaki kwenye msingi. Matundu ya juu juu yafunguliwe hadi zege zima, yaoshwe na yajazwe kwa mchanganyo mzito. Yanayofika nyuma ya nondo si kazi ya kupaka lipu. Aitwe mhandisi kabla ya mtu mwenye mwiko hajaficha ushahidi.

Pampu imeziba

Pampu hufika mahali machache mkoani kwetu, kwa hiyo maneno yawe mafupi. Mrija haukutelezeshwa kwa uji wa saruji kabla ya zege, au kokoto zilizidi theluthi moja ya kipenyo cha mrija, au mrija uliachwa juani wakati watu wanakula. Rudisha mkondo nyuma mara chache. Ikishindikana, toa shinikizo kwanza, kisha ndipo kiungo chochote kifunguliwe. Mrija wenye shinikizo umewahi kuua.

Nyufa za jioni ile ile, na mbao zisizotaka kufunguka

Nyufa nyembamba zinazotokea saa chache baada ya kumwaga sakafu hutokana na upepo na jua kunyonya maji ya juu kabla zege halijapata nguvu. Pwani, anza kumwaga alfajiri au alasiri, lowanisha udongo wa chini, na funika uso kwa nailoni au magunia mabichi mara tu unapomaliza kulainisha, ukiendelea kumwagilia kwa siku 7. Kama nyufa zimeonekana huku zege bado bichi, zisuguliwe upya kwa ubao na zifunikwe.

Milimani tatizo hugeuka. Kati ya Juni na Agosti usiku wa Lushoto ni wa baridi kali kwa kipimo cha nchi yetu, na zege hupata nguvu polepole, hivyo mbao za pembeni ambazo Pangani zingefunguliwa kesho yake zisubiri siku 2 au 3, na nguzo za kushikilia boriti zisitolewe kwa kufuata kalenda ya mjini. Tengeneza vipande kadhaa vya zege lile lile kwenye vikopo, viache nje kando ya kazi vipigwe na baridi ile ile, na kila unaposhawishika kufungua mbao kwa sababu zinahitajika kwenye darasa la pili, vunja kimoja kwa nyundo kwanza.